Kuruta ni Mmoja, Mafunzo ni ya Nyumba Nzima

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuletewa habari za harusi, za ngoma na za malenga wetu, na huenda leo wakashangaa kuona habari za jeshi. Lakini nitakayoyasema si ya bunduki. Ni ya nyumba moja huko Likoni ambayo kijana wake aliitwa mafunzoni mwaka 2011, akaacha nyuma mama mjane, dada ambaye hajaolewa, na mke mwenye mimba ya miezi saba. Mke huyo ni mimi.

Siku aliporudi na habari kwamba amechaguliwa, mtaa mzima ulitujia kutupa mkono wa heri. Kazi ya serikali si jambo dogo kwa kijana ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akibeba mizigo ya watu pale kivukoni. Uwanjani alikimbizwa juani, akapimwa urefu na uzani, akatazamwa meno na nyayo kama mbuzi wa Idd, na jioni akaja na karatasi moja ambayo mavyaa wangu aliikunja mara nne akaitia ndani ya sanduku lake la nguo. Usiku ule nilimsikia akilifungua na kulifunga sanduku mara tatu.

Asiyefurahi alikuwa babangu. Yeye ni mwalimu wa chuo katika Mji wa Kale, mtu wa maneno machache, na neno lake lilikuwa moja tu: "Jeshi si kazi ya kwetu."

Vijana wa leo husikia maneno kama hayo wakacheka, lakini wazee wa Pwani hawakuyaokota njiani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza maelfu kwa maelfu ya watu wetu walikamatwa wakabebeshwa mizigo ya jeshi la Kiingereza, na wengi wao hawakurudi. Jina la Kariakoo, ambalo mpaka leo tunalisikia Dar es Salaam na Nairobi, ni ukumbusho wa wapagazi hao. Wagiriama walipopigana na serikali mwaka 1914, moja ya sababu zao ni kwamba hawakutaka vijana wao wachukuliwe. Kisha katika Vita vya Pili, mwezi wa Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga hapa Kilindini kuelekea Colombo, imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12 ya mwezi huo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa dakika chache tu. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Babu yangu alikuwa hamali bandarini siku zile, akawaona wakipanda ngazi wakiimba, na babangu alikua akiisikia hadithi hiyo kila mtu alipotaja jeshi mbele ya mzee.

Hata hivyo babangu si mtu wa kumfungia mwenziwe riziki. Alipojua kwamba mkwewe anatakiwa katika Jeshi la Wanamaji, lile lililoundwa Desemba 1964 na kuwekwa hapo Mtongwe, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni petu, alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Basi. Maji angalau twayajua."

Lakini kwanza ilimbidi ende asikokujua. Makuruta wote, wawe wa nchi kavu, wa angani au wa majini, hupelekwa Eldoret kufunzwa uaskari. Nilistaajabu mno. Mtu wa kuendesha manowari anatolewa Likoni, akasafirishwa karibu kilomita 800 mpaka nchi ya milima na mahindi ambako hakuna hata harufu ya chumvi! Mume wangu alikuwa hajawahi kulala mahali panapohitaji blanketi mbili. Mavyaa alimnunulia sweta la mtumba, akalifua, akalianika siku mbili, kisha barua ikaja na orodha ya vitu vya kuchukua, na sweta lile halikuwamo. Alilivaa ndani ya shati hata hivyo, siku ya safari, katika joto la mwezi wa Mei.

Kabla hajaondoka alifanya mambo matatu, na katika hayo matatu ndimo mlimotoka shida zangu zote na, kwa rehema za Mungu, faraja yangu pia. Simu yake aliniachia mimi. Jina la mtoto aliliandika katika karatasi, akaitia katika bahasha akaigundisha. Na kadi yake ya benki, ambamo posho yake ya kuruta ingeingia, aliiweka mkononi mwa mamake.

Sikusema kitu. Mke wa miaka ishirini na miwili atasema nini mbele ya mavyaa?

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa Shaaban. Kwa desturi yetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama mzazi, kwa hivyo nilikuwa kwetu, Mji wa Kale, na aliyemwadhinia katika sikio la kulia ni babangu. Mamangu akaleta ile bahasha. Tukaifungua. Mlikuwa na jina moja tu, jina zuri, la marehemu babake. Na mtoto alikuwa wa kike.

Tulicheka mpaka mishono ikaniuma. Halafu kicheko kikaisha, kila mmoja akamtazama mwenzake. Simu ya kumwuliza tulikuwa nayo sisi. Kambini hatukuwa na nambari. Kulikuwa na wajomba waliosema tungoje, kwani katika madhehebu yetu ya Shafi akika haifi kwa kupitwa na siku ya saba, na mtoto ni wa mtu, haifai apewe jina kama kuku aliyeokotwa. Wengine wakasema sunna ni siku ya saba na mtoto hakukosa wenyewe. Wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo, na siku zile sita niliielewa methali hiyo kuliko nilivyoielewa shuleni.

Mimi nilikuwa na jina langu moyoni. Sitalitaja, kwa sababu halikutumika. Mamangu ndiye aliyekata shauri. Usiku wa kuamkia siku ya saba alikaa kitandani kwangu akinikanda miguu, akasema, "Mpe jina la mavyaako."

Wasomaji wa kike watanielewa nikisema kwamba nililia. Mume amechukuliwa, kadi imechukuliwa, na sasa hata jina! Mamangu aliniacha nikalia mpaka nikamaliza. "Yule mwanamke," akasema, "hana mume na leo hana mwana. Utakwenda kukaa naye. Ukimpa somo, nyumba ile itakuwa yako."

Sharti niwaeleze wasomaji wa bara ambao pengine ukurasa huu umewaangukia: kwetu Pwani watu wawili wenye jina moja huitana somo, na usomo ni udugu. Bibi na mjukuu walio masomo hawagombani, wala hawanyimani.

Asubuhi yake mavyaa alivuka feri na mbuzi. Mtoto wa kike huchinjiwa mmoja, na mmoja ndiye aliyeletwa, dume jeupe lililowasumbua abiria wote mpaka likafika ng'ambo. Alipoambiwa jina hakusema ahsante. Alimchukua mtoto, akamtazama sana, akasema, "Ndoo, somo yangu," kisha akageuka upande wa dirisha. Nywele zikanyolewa, zikapimwa kwa sonara, na thamani ya uzani wake wa fedha ikatolewa sadaka. Pilau ikaliwa. Katika kila jambo palikuwa na pengo la mtu mmoja, na kila mtu alijitahidi asilitazame.

Arobaini yangu iliishia katikati ya Ramadhani. Nilikuwa nimekandwa kwa maji ya moto, nimefungwa mkaja, nimenyweshwa uji wa pilipili manga mpaka nikauchukia. Nilirudi Likoni nikiwa na nguvu. Na hapo ndipo mafunzo yangu mimi yalipoanza.

Ilikuwa hivi. Nikitaka nepi, namwambia mavyaa. Nikitaka sabuni ya mtoto, namwambia mavyaa. Nikitaka nauli ya kwenda kliniki, nasimama mlangoni kwake na mtoto begani, na yeye anauliza, "Kiasi gani?" Hakuninyima hata siku moja, hilo nalisema mbele ya Mungu. Lakini kila shilingi ilipita mkononi mwake, na aliitoa katika fundo la leso moja moja, kama mtu anayetoa miiba. Jioni wifi yangu aliketi naye uani na daftari, wakinong'ona. Nilijua wananiandika.

Basi nikajifanyia uchumi wangu. Kumi la mwisho la Ramadhani niliweka meza nje ya lango nikauza kaimati na mkate wa sinia. Mwenye kuuza kaimati Likoni wakati wa futari hakosi mnunuzi, ila mikono inaungua na mtoto analia. Siku ya tatu mavyaa alitoka, hakusema neno, akamchukua somo yake, akakaa naye kando ya meza mpaka adhana ya magharibi. Niliona wivu hata kwa hilo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku zile.

Baada ya Idd nilikwenda kwetu nikamshitakia babangu. Sikutaka ugomvi, nilitaka tu mtu ajue. Aliniuliza swali moja: kama nimelala na njaa. Nikasema la. Akanyamaza, nikadhani amenipuuza.

Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, mwalimu akavuka feri akaja kuwatazama wajukuu, kama alivyosema mwenyewe ingawa mjukuu ni mmoja. Akaketi barazani, mavyaa akiwa nyuma ya pazia kwa heshima, akaletewa kahawa na kashata. Walizungumza habari za bei ya unga, na za mvua. Kisha babangu, kana kwamba imemjia tu, akasimulia kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, ambacho wengi wetu tumekisikia darasani.

Imepokewa kwamba Khalifa Umar alikuwa akizunguka mitaa ya Madina usiku, akamsikia mwanamke ndani ya nyumba akiimba kwa upweke, kwamba mumewe yuko mbali naye jeshini na usiku umekuwa mrefu. Umar hakumkemea. Alikwenda kwa binti yake Bibi Hafsa, mama wa waumini, akamwuliza mwanamke aweza kustahimili kukaa bila mumewe muda gani. Bibi Hafsa akaona haya, kisha akajibu. Wapokezi wengine husema alijibu miezi minne, wengine miezi sita. Umar akaamuru askari yeyote asizuiliwe vitani zaidi ya muda huo.

"Na wala hakuishia hapo," babangu akaendelea, akiukoroga unga wa kahawa chini ya kikombe. "Imepokewa pia aliwaandikia makamanda wa majeshi juu ya wanaume walioacha wake zao, kwamba ama wapeleke matumizi ama watoe talaka. Kwa sababu nafaka ya mke ni deni. Mume akiwepo, mume asipokuwepo."

Pazia halikutikisika. Mimi nilikuwa jikoni, nimeshika mlango, moyo unanidunda. Watu wa Pwani hatuambiani jambo usoni, tunaambiana kwa fumbo, na fumbo lile lilikuwa limevuka feri nzima kutoka Mji wa Kale.

Baada ya kitambo mavyaa akasema kwa sauti ya chini, "Laiti meli za Wazungu zingalikuwa na Sayyidna Umar, mwalimu. Mimi nilikaa miezi kumi na minne."

Babangu akainamisha kichwa. Hakukaa sana, akaaga.

Usiku ule mavyaa alinisimulia ambayo hakupata kunisimulia. Marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli za mizigo. Aliondoka Kilindini akimwacha na mtoto wa miezi mitatu, ndiye huyu mume wangu, na kwa miezi kumi na minne alimjua kwa barua tano na kwa salamu za redio, ambazo alizisikia kwa jirani kwa kuwa wao redio hawakuwa nayo. Mshahara wake ulipelekwa kwa mamake mwanamume. "Nilikuwa nikiomba chumvi," akasema. "Chumvi, mwanangu. Nikaapa nikiwa na mwana atakayesafiri, pesa zake nitaziweka mimi zisipotee hata senti." Alikuwa akiyaeleza mambo mawili kwa pamoja, uchungu wa kuomba na sababu ya kuniombesha, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia pamoja.

Nami nilikuwa sijapata kufikiri kwamba kungoja ni jambo la zamani kwetu. Watu wa mwambao waliishi kwa pepo mbili. Majahazi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na nahodha aliyekosa msimu alibaki ng'ambo mpaka pepo zigeuke. Wake wa mabaharia walikuwa na adabu zao za kungoja: nani ataingia nyumbani, nani atasimamia watoto, deni litaulizwa kwa nani, mke akae kwa nani. Hayo yote mabibi zetu waliyajua. Siku hizi mume huondoka kwa basi la usiku badala ya jahazi, nasi twaona ni jambo jipya ambalo halina desturi, kila mtu akabuni lake.

Kadi hakunipa. Lakini tangu mwezi ule, kila posho ilipoingia, asubuhi nilikuta fedha zimewekwa chini ya sahani yangu. Sikusimama tena mlangoni kwake.

Simu ilikuja Jumapili moja mwezi wa Septemba, kutoka nambari nisiyoijua. Sauti ilikuwa yake na si yake, imekauka. Aliuliza kama nimejifungua salama, na kabla sijajibu akasema ana dakika tatu. Nikamwambia ni msichana. Akacheka. Nikamwambia jina. Kimya. Nilidhani simu imekatika, nikaita mara mbili. Halafu nikasikia anapumua. "Nani alichagua?" akauliza. Nikasema, "Mimi." Mamangu atanisamehe uwongo huo.

Oktoba ikaja na mambo yake. Septemba tayari watalii walikuwa wamevamiwa Kiwayu, na mwanzoni mwa Oktoba mtalii mwingine akachukuliwa kisiwani Manda. Tarehe 16 redio ikatangaza kwamba jeshi la Kenya limevuka mpaka kuingia Somalia. Tangu asubuhi majirani walianza kuja. Walikuja kwa wema, lakini waliketi mkekani kimya, vichwa chini, kama watu waliokuja matangani. Mavyaa aliwavumilia mpaka adhuhuri, kisha akasimama akasema, "Mwanangu yuwasoma. Hajafa. Nendeni mkapike."

Walipoondoka alikaa jikoni sakafuni. Na hapo nikajua jambo jingine. Mavyaa kwao ni Mbajuni, na Wabajuni, kama wasomaji wajuavyo, wameenea kutoka upande wa Lamu mpaka Kismayu. Mama yake mdogo alikuwa Kismayu. Mwana wake anafunzwa kupigana, na huko kunakopiganwa ana mama mdogo. Aliyasema hayo mara moja, akiwa anachambua mchele, wala hakuyarudia. Nami sikuwa na neno. Tangu siku hiyo alianza kusikiliza habari za saa moja jioni akiwa amempakata somo yake, na mtoto akazoea sauti ya mtangazaji kama watoto wengine wanavyozoea wimbo wa kulalia.

Siku ya gwaride la kufuzu ilikuwa Desemba. Tulikwenda wanne: mimi, mavyaa, wifi na mtoto. Tulipanda basi jioni, tukalala njiani, tukabadilisha Nairobi, na tuliposhuka Eldoret mavyaa alisema kwamba sasa anaelewa kwa nini watu wa huku wanakimbia sana, wanakimbia baridi. Mtoto tulimfunga leso tatu. Uwanjani walikuwa mamia, wote sare moja, kofia moja, mkono mmoja ukipanda na kushuka. Nilimtafuta mume wangu kwa macho nisimwone. Mavyaa ndiye aliyemwona. "Yule, wa tatu mstari wa pili. Anatembea kama babake akishuka melini." Na kweli ndiye.

Baada ya gwaride walifunguliwa, wakatimua mbio kutafuta watu wao. Alikuja amesimama wima mbele yangu, amekonda, amekuwa mweusi tititi, masharubu hana. Nikampa mtoto. Mtoto akaitazama kofia, akatazama uso ulio chini yake, akapiga ukelele ambao nadhani walisikia mpaka Uganda. Akavua kofia. Ukelele ukazidi. Akamrudisha kwa mamake, na somo akamnyamazisha somo. Mume wangu akabaki na mikono yake hewani. Niliyasahau mengi ya siku hiyo lakini mikono ile siisahau.

Watu hudhani akirudi basi mambo yamekwisha. Mimi nasema mwezi wa kwanza wa kurudi ulikuwa mgumu kuliko miezi yote ya kungoja. Alirudi nyumbani likizo, akawa anaamka saa kumi na nusu alfajiri, jambo ambalo mavyaa alilisifu kwa ajili ya sala. Lakini alikuwa akila amesimama, kwa dakika mbili, kama mtu atakayepokonywa sahani. Kitandani hakuweza kulala, akashuka sakafuni. Nikimwita kwa ghafla anaruka. Siku moja nilikuta leso zangu zote zimekunjwa mraba, zimepangwa pembe kwa pembe, na yeye amesimama kando yake kana kwamba anangoja zikaguliwe. Siku nyingine alimpigia dadake kelele za amri kwa ajili ya kikombe kilichoachwa mezani. Wifi yangu akalia. Mavyaa akatoka chumbani akasema kwa upole sana, "Hapa si Eldoret, mwanangu. Hapa tukitaka kikombe kiondoke, twasema: Mungu akupe kheri, niondolee kikombe."

Akajibu, "Ndiyo, afande."

Tukatazamana wote wanne. Aliyeanza kucheka ni yeye mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo alianza kurudi, kidogo kidogo. Mtoto alimkubali siku ya kumi na mbili. Naijua hesabu kwa sababu alikuwa akihesabu yeye, kwa sauti.

Wanawake wadogo wa hapa Likoni ambao waume zao wameitwa hunijia siku hizi kuniuliza. Huwaambia wasiache jambo la matumizi likaamuliwe kwa haya. Lizungumzwe mume angalipo, mama mtu akiwa ameketi hapo hapo, tena mbele ya mtu mzima mmoja wa upande wa mke. Huwaambia bahasha iwe na majina mawili. Wengine huuliza kama mume atarudi yule yule. Hapo huwapa chai.

Mwaka 2012, kabla ya Ramadhani, aliitwa safari. Alikuwa amekwisha ingia katika shughuli zake za majini hapo Mtongwe, akienda asubuhi na kurudi jioni kama karani, nasi tukaanza kujisahau. Hakutuambia anakokwenda wala hatukumwuliza. Mavyaa alimtazama tu, na yeye akamtazama mamake, na nilijua wote wawili wanafikiri mji mmoja.

Usiku wa kuamkia safari alitoa kadi ya benki akaiweka mezani, katikati yetu. Kisha kwa kidole kimoja akaisukuma upande wangu. Nilimwangalia mavyaa. Alikuwa amempakata mtoto aliyelala, hakuonyesha chochote. Akamwambia wifi alete lile daftari.

Sikuwahi kulifungua kabla ya usiku ule. Lilikuwa limeandikwa kwa hati ya wifi yangu, tangu Mei 2011, kila senti: nepi, mafuta ya taa, mbuzi, nauli ya mbuzi katika lori lililovuka feri, kliniki, sweta. Nilitafuta mahali waliponiandika mimi. Nilipapata katika kurasa za Ramadhani. Palikuwa na safu ya pili, imepigiwa mstari kwa rula, na juu yake jina langu, na chini ya jina langu mapato ya kaimati ya kila siku, siku baada ya siku, na mbele ya kila siku imeandikwa kuwa hizi ni mali ya mke, asidaiwe.

Mume wangu alisoma mpaka mwisho akiwa amesimama. Mavyaa akalichukua daftari mkononi mwake akalitia mkononi mwangu, pamoja na kalamu.

"Andika hata kiberiti," akaniambia. "Na somo yangu akiamka, mbadilishe. Ameloa."